Miche ya Matunda Iliyoagizwa kwa Basi: Dalili za Kasoro, Visababishi na Namna ya Kuitatua

Mkulima wa Dodoma anayetaka parachichi leo hupiga simu Njombe au Rungwe, hutuma fedha kwa simu, na baada ya siku moja au mbili huenda stendi kupokea boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Aliye Morogoro huagiza michungwa kutoka Muheza kwa njia hiyohiyo, na aliye Nairobi huletewa miembe ya kubebesha, yaani iliyoungwa kijiti cha aina bora juu ya mche mwingine, kutoka Makueni. Utaratibu huu umewafikishia watu wengi aina bora ambazo zamani hazikupatikana karibu nao, lakini malalamiko yanayoufuata ni yaleyale kila msimu. Nimesaidia kupokea na kupanda miche ya namna hii kwangu na kwa majirani kwa miaka kadhaa, na ninachokiona ni kwamba mara nyingi kosa huwa limeshafanyika kitaluni na huonekana siku mche unapofika, ila mpokeaji hutazama majani badala ya kutazama mizizi na maungio, yaani pale kikonyo (kijiti cha aina bora) kilipoungwa na shina la chini lenye mizizi. Kwa hiyo katika dalili nyingi zilizoelezwa hapa chini, uchunguzi unarudi kwenye sehemu hizo mbili.

Dalili ya kwanza: Muuzaji ana picha nzuri, lakini maswali hayajibu

Kisababishi kinachotokea zaidi ni kwamba unayezungumza naye ni dalali anayekusanya miche kutoka vitalu mbalimbali, na yeye mwenyewe hajui historia yake. Kinachofuata ni kitalu ambacho hakina miti mama, yaani miti iliyokomaa, yenye aina inayojulikana na afya njema, ambayo vikonyo hukatwa humo. Mara chache zaidi ni utapeli wa wazi, ambapo hakuna kitalu kabisa.

Ukaguzi mwepesi hauna gharama. Omba upigiwe simu ya video ukiwa unaonyeshwa miche ileile utakayotumiwa, na usitake kuona majani tu: omba kuonyeshwa sehemu ya maungio kwa karibu, kisha chini ya kiriba, yaani mfuko wa plastiki wenye udongo wa mche. Uliza miche ilibebeshwa lini, kikonyo kilitoka mti upi, na mbegu za shina la chini zilitoka wapi. Kwa parachichi swali hili la mwisho lina uzito kuliko mengine yote, kwa sababu kimelea cha kuozesha mizizi kinachofanana na kuvu, Phytophthora cinnamomi, huishi kwenye udongo na huingia kitaluni pamoja na mbegu zilizookotwa chini ya mti. Mwenye kitalu makini hutumia mbegu za matunda yaliyochumwa mtini, na wengine huziloweka kwenye maji ya moto ya nyuzi 49 hadi 50 za Selsiasi kwa dakika 30 kabla ya kuzipanda. Anayefanya hivyo hukueleza bila kusita, tena kwa fahari, na asiyefanya hivyo hubadilisha mazungumzo na kukurudisha kwenye bei.

Ikiwa unaweza kufika kitaluni, tazama viriba vimekaa juu ya nini. Kitalu kizuri huviweka juu ya kokoto, turubai au kichanja, maji yasituame wala mizizi isipenye ardhini. Viriba vilivyozama kwenye tope, magugu yaliyoota ndani yake, na miche yenye umri tofauti iliyochanganywa bila vibao vya majina ni sababu za kutosha za kuondoka mikono mitupu. Uliza pia kama kitalu kimesajiliwa na kukaguliwa. Tanzania, ubora wa mbegu na miche unasimamiwa na TOSCI na afya ya mimea na TPHPA. Kenya, ukaguzi wa afya ya mimea ni kazi ya KEPHIS. Hata pale majibu yote yanaporidhisha, agiza miche 3 au 5 kwanza kabla ya kuagiza 200.

Simama hapa ikiwa muuzaji yuko nje ya nchi na anaahidi kukutumia mche au vikonyo kwa posta bila kibali. Mimea hai inayovuka mpaka inahitaji kibali cha kuingiza kutoka kwa mamlaka ya nchi yako na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka, na sababu yake ni ya kweli: mdudu au ugonjwa mmoja uliofichwa kwenye boksi unaweza kuharibu mashamba ya wilaya nzima.

Dalili ya pili: Mche umefika umelegea au majani yamepukutika

Anza na kiu, kwa kuwa ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Nyanyua kiriba, kikiwa chepesi kama kilichojaa makapi, udongo umekauka hadi ndani na kumwagia maji juu hakutasaidia, maana maji yatapita pembeni na kutokea chini. Kitumbukize kwenye ndoo ya maji hadi mapovu yakome kutoka, kitoe, kiache kichuruzike, kisha kiweke kivulini penye hewa. Parachichi usiliache ndani ya maji usiku kucha, kwani mizizi yake hufa haraka ikikosa hewa.

Kisababishi cha pili ni joto la buti la basi. Mche uliokaa saa 12 chini ya basi katika hewa iliyofungwa hudondosha majani hata kama udongo wake ni mbichi. Ili kujua kama bado uko hai, kwangua ganda la shina kidogo kwa ukucha juu ya maungio. Ukiona rangi ya kijani yenye unyevu, kikonyo ni kizima na kitatoa majani mapya. Ukiona kahawia iliyokauka, kwangua tena chini kidogo mpaka ufike kwenye maungio yenyewe. Mche ulio hai chini ya maungio tu si mche uliolipia.

Cha tatu ndicho watu wengi hawakijui. Miche iliyokaa kitaluni muda mrefu hupenyeza mzizi mkuu kupitia tundu la kiriba hadi ardhini, na inapong'olewa kwa ajili ya kusafirishwa mzizi huo hukatwa. Geuza kiriba utazame chini: ukikuta kisiki cha mzizi mnene kama kalamu, chenye mkato mbichi au uliochanika, mche huo umepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kunywa maji siku moja kabla ya safari. Sawazisha mkato kwa kisu kikali kilichosafishwa, punguza majani kwa nusu, na uutunze kivulini kwa majuma 3 au 4 kabla ya kuupanda.

Hata mche uliofika salama usiupeleke shambani siku hiyohiyo. Uweke kwenye kivuli chepesi kwa wiki moja, kisha uuzoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki nyingine. Piga picha boksi kabla ya kulifungua, na kila mche baada ya kuutoa, ukiwa bado stendi ikiwezekana, kwa sababu muuzaji mwaminifu hukubali kubadilisha kilichoharibika ikiwa umemwarifu mapema, na huwezi kumdai baada ya mwezi.

Dalili ya tatu: Udongo umemwagika wote kiriba kilipofunguliwa

Hapa hakuna mjadala mrefu. Mche uliokaa vizuri kwenye kiriba hushikilia udongo wake kwa mizizi, na kiriba kikichanwa bonge hubaki zima. Udongo ukimwagika kama mchanga, ama mche ulihamishiwa humo siku chache kabla ya kuuzwa, ama uling'olewa shambani na kutiwa kwenye kiriba ili uonekane wa kitaluni. Urudishe kwenye kiriba kikubwa zaidi chenye mchanganyiko wa udongo wa msituni, samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo, uuweke kivulini, na usitarajie kuupanda kabla ya miezi 2. Ikiwa miche zaidi ya michache katika boksi iko hivi, dai fedha zako.

Dalili ya nne: Kikonyo kinakauka huku chini kunachipua kwa nguvu

Mara nyingi chanzo ni machipukizi ya shina la chini ambayo hayakuondolewa. Mizizi hupeleka chakula kule kunakokua kwa kasi, na shina la chini, ambalo huchaguliwa kwa sababu ya nguvu zake, hukishinda kikonyo kwa urahisi. Katika michungwa iliyobebeshwa juu ya mlimau ni rahisi kutambua: fikicha jani la chipukizi na jani la juu, kisha nusa yote mawili. La limau lina harufu yake kali isiyofichika, na chipukizi lake lina miiba mirefu kuliko ya kikonyo. Chomoa kila kinachoota chini ya maungio kikiwa bado laini, kwa kukivuta kwa kidole badala ya kukikata, kwa sababu kikikatwa kwa mkasi huacha macho ambayo huchipua tena.

Kisababishi cha pili ni nailoni iliyosahaulika. Nailoni ya kufungia maungio inapaswa kuondolewa pindi kikonyo kinapokuwa kimeshika na kuanza kunenepa, lakini vitalu vyenye haraka huuza mche ukiwa bado umefungwa na mnunuzi hudhani ni pambo au kinga. Mwaka mmoja nilipokea miparachichi 30 kutoka kitalu kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, mizuri ajabu kwa majani. Baada ya miezi 5 mmoja ulivunjika kwa upepo mdogo wa jioni, na nilipouokota nikakuta nailoni nyeupe imezama ndani ya shina kiasi kwamba ganda lilikuwa limevimba juu na chini yake kama kiuno kilichokazwa mkanda, na katikati pamebaki unene wa kijiti cha kibiriti. Nilipokagua mingine nilipoteza 11. Tangu hapo jambo la kwanza ninalofanya mche ukifika ni kupitisha kidole kwenye maungio. Nailoni iondolewe kwa ncha ya wembe, ukiichana wima upande mmoja na kuibandua bila kuvuta ganda. Ikiwa maungio bado yanacheza ukiyagusa, usiibandue kabisa, bali ilegeze na uifunge upya kwa wiki chache.

Sababu iliyo nadra zaidi ni maungio kutoshikana ndani kabisa, ama kwa kuwa kikonyo na shina la chini havikulingana unene, ama kwa kuwa vilibebeshwa vikiwa vimekauka. Mche wa namna hii hauna tiba, isipokuwa kuubebesha upya kwa mkono wa fundi.

Dalili ya tano: Mche haukufa, lakini mwaka umepita na haukui

Hili ndilo tatizo linalowakatisha watu tamaa zaidi, kwa sababu mche unaonekana mzima na mkulima huendelea kuumwagilia na kuutilia samadi akisubiri. Anza na yale uliyofanya mwenyewe. Je, kiriba kilitolewa chote? Nimefukua miche mingi iliyopandwa pamoja na kiriba kwa kuwa mpandaji aliambiwa kwamba mizizi itatoboa yenyewe. Je, mche ulizikwa kuliko ulivyokuwa kitaluni? Maungio yanapaswa kubaki juu ya ardhi angalau kiganja kizima, na shina lililofukiwa huoza ganda. Je, matandazo yamegusa shina? Yasogeze mbali kidogo. Je, shimo linatuamisha maji? Mimina ndoo moja. Yakiwa bado yamesimama baada ya saa kadhaa, panda juu ya tuta.

Ikiwa hayo yote yako sawa, chanzo kiko ndani ya bonge la mizizi. Chukua mche mmoja uliodumaa zaidi, uufukue kwa uangalifu, na uoshe mizizi kwa maji taratibu. Utakachokikuta mara nyingi ni mzizi mkuu ulioshuka hadi chini ya kiriba, ukakosa njia, ukajikunja kama kulabu na kuzunguka ukutani mara mbili au tatu hadi kujifunga wenyewe. Mche wa namna hii umekaa kwenye kiriba kidogo kwa miaka. Kadiri mizizi inavyonenepa ndivyo inavyojikaba, na mti unaweza kuanguka wenyewe ukiwa na umri wa miaka 4 au 5, siku umebeba matunda ya kwanza. Dalili yake ya nje siku ya kuupokea ni shina nene lenye ganda gumu, urefu unaozidi mita moja, na kiriba kilichochakaa kwa jua. Wanunuzi wengi huuchagua mche huo kwa sababu ni mkubwa, ilhali mche wa kubebesha wenye sentimita 40 hadi 60 na kiriba kipana ndio utakaoupita ndani ya misimu miwili. Mche ambao mizizi yake imejikunja kwa nje tu unaweza kuokolewa wakati wa kupanda: chana kiriba, kata wima pande 3 au 4 za bonge kwa kisu kikali, ondoa kipande cha chini kilichosokotana, kisha uupande. Uliojifunga kwenye mzizi mkuu uondoe.

Ukikuta vinundu vidogo kama shanga kwenye mizizi, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, ambao huisumbua hasa mipapai. Ukikuta mizizi midogo ya mparachichi imekuwa myeusi na inakatika kama kijiti kikavu badala ya kuwa na rangi ya maziwa na kupinda, huo ni uozo wa mizizi.

Simama hapa. Mparachichi wenye uozo wa mizizi usihamishwe, udongo wake usipelekwe kwingine kwa jembe wala viatu, na shimo lake lisipandwe parachichi tena. Usinunue dawa ya kuvu kwa kukisia dukani. Zipo dawa za kundi la fosfonati zinazotumika dhidi ya ugonjwa huu, lakini kipimo na namna ya kuzitumia vinahitaji mtaalamu aliyeuona mti. Mpigie afisa kilimo wa kata na uombe sampuli ya mizizi ipelekwe maabara.

Dalili ya sita: Majani ya mchungwa yanageuka njano

Tofautisha mambo matatu kabla ya kununua mbolea. Njano inayoanzia majani ya zamani ya chini, jani zima likipauka, kwa kawaida ni njaa ya naitrojeni, nayo hupona kwa samadi na mbolea. Njano iliyo kati ya mishipa ya majani machanga, ikilingana kushoto na kulia kwa mshipa mkuu, mara nyingi ni upungufu wa zinki, ambao hutibiwa kwa kupulizia majani. Kingo zilizoungua na kuwa kahawia siku chache baada ya kupanda ni jua kali kwa mche uliotoka kwenye kivuli cha kitalu bila kuzoeshwa.

Ya kuogopwa ni madoadoa ya njano yasiyolingana, ambapo nusu moja ya jani ina mchoro tofauti na nusu ya pili, hasa yakionekana kwenye tawi moja wakati mengine ni ya kijani. Hiyo ni dalili ya ugonjwa wa grini, unaosababishwa na bakteria na kusambazwa na wadudu wadogo waitwao sailidi pamoja na vikonyo vilivyokatwa kwenye miti iliyoambukizwa. Sailidi wa Afrika huacha vibonyeo vidogo kwenye majani, vinavyoonekana upande wa pili kama vipele. Mti ulioambukizwa huzaa matunda madogo yaliyopinda, yanayobaki kijani upande mmoja, yenye ladha chungu.

Ugonjwa huu hauna tiba. Ukiushuku, usikate vikonyo kwenye mti huo, usimgawie jirani mche uliobaki, na uwaarifu maafisa wa kilimo, TPHPA au KEPHIS mara moja. Mjulishe na mwenye kitalu kwa upole, kwa kuwa huenda naye hajui, na miche kutoka mti mama uleule inaendelea kusafiri.

Dalili ya saba: Mti hauzai, au umezaa tunda ambalo hukuliagiza

Kabla ya kulalamika, hesabu miaka. Mparachichi na mwembe wa kubebesha huanza kuzaa mnamo mwaka wa tatu au wa nne. Ulioota kwa mbegu unaweza kuchukua miaka 6 na zaidi. Angalia pia mwinuko, kwani parachichi la Hass hufanya vizuri nyanda za juu, na aliyelipanda Pwani penye joto asimlaumu muuzaji peke yake.

Ikiwa umri umetimia, sababu ya kwanza ni ileile ya machipukizi: shina la chini lilichukua nafasi, kikonyo kikafa kimyakimya, na umelea mti usio wako. Tafuta kovu la maungio na ufuatilie ni tawi lipi linatokea juu yake. Sababu ya pili ni vikonyo vilivyochanganywa kitaluni, kwa mfano Fuerte kuuzwa kama Hass. Tunda la Hass lina ganda lenye vipele ambalo hugeuka jeusi likiiva, wakati Fuerte hubaki kijani na ganda lake ni laini, kwa hiyo tunda la kwanza humaliza ubishi.

Sababu ya tatu ni mche wa mbegu uliofanywa uonekane wa kubebesha. Mjanja hukata ncha ya mche, huacha jicho la pembeni lichipue ili shina lipinde kidogo, kisha hufunga nailoni mahali hapo. Maungio ya kweli yana kovu la mshazari au la umbo la V linaloonekana pande mbili za shina, na ganda la juu hutofautiana na la chini kwa rangi au mkwaruzo. Maungio ya uongo yana ganda moja lisilokatika kutoka chini hadi juu. Kitu hiki kikaguliwe siku ya kupokea, maana mwaka wa sita hakuna wa kumdai.

Mti wenye afya uliozaa tunda lisilotakiwa hauna haja ya kung'olewa. Unaweza kukatwa na kubebeshwa juu kwa vikonyo vya aina unayoitaka, ukautumia mfumo wa mizizi ambao tayari una miaka. Kazi hii mpe fundi mwenye uzoefu, umwambie aache tawi moja la zamani ili liendelee kuilisha mizizi, na apake chokaa shina lililobaki wazi lisiungue. Tawi hilo la kulea likatwe vikonyo vipya vikishafikia urefu wa mkono.